Jenerali Aliyevunja Daraja

Treni ilikuwa ikiambaa mto ndani ya ukungu, taratibu kama inayosinzia, redio ya kondakta ilipotangaza kifo cha jenerali wa jeshi la anga. Mzee aliyekaa mbele yangu, fundi wa ndege mstaafu, akashusha pumzi. "Alianza kwa kufagia banda la ndege, akafika ujenerali. Mungu amrehemu."

"Amrehemu, ndiyo," akasema mama mshonaji aliyekaa kando yake. "Lakini ndiye aliyeamuru daraja letu lipigwe mabomu. Kaka yangu alikuwa akivuka."

"Pole, dada yangu. Ila adui angevuka, mji mzima ungeteketea. Mimi na wanangu tulikuwa humo."

"Nashukuru mlipona, mzee wangu. Mimi nilizika koti lake, maana mwili haukuonekana."

Nje, nguzo za daraja lile zilipita kama zinazoelea ukunguni, hazibebi kitu.

"Alilia siku ile," mzee akanong'ona. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Alilia, kisha akavishwa nishani."

Treni ikasimama. Mzee akamtwalia mzigo wake, mama akamwachia, wakashuka bega kwa bega, bado wakibishana.