Mikono ya Marehemu Kiliani Hyasinti, Mpasua Panya

Marehemu Kiliani Hyasinti alizaliwa Mapera mwezi Agosti 1911, mtoto wa pili wa mzee Hyasinti na mama Gertruda. Wazazi wake walipofariki alichukuliwa Ukata na baba yake mdogo, mzee Eusebius, aliyeketi hapa mbele, akalelewa pamoja na watoto wa nyumba hiyo. Alisoma shule ya misheni Kigonsera hadi mwaka 1927. Walimu walimsifu kwa mwandiko, ila alikuwa mtu wa kinyaa kupindukia: nzi akitua kwenye uji wake, uji ule haunyweki tena.

Mtu huyo, jamani, ndiye aliyepewa kazi ya panya. Mwaka 1936 serikali ilitaka kujua kama tauni imefika milimani kwetu, akaajiriwa kutega panya nyumba hadi nyumba, kuwapasua, kuwatoa bandama na kuzitia kwenye chupa za dawa zikapimwe Songea. Wengine walimfikia wameoza, wanachuruzika. Mwezi wa kwanza alitapika kila asubuhi, akajifuta mdomo, akaendelea. Tunayasema haya kaburini kwa sababu mjane ameomba yasemwe kama yalivyokuwa.

Watu waliagizwa nao walete panya. Binti mmoja, Domitila, alileta waliokaushwa kwenye vijiti kama mboga, wametiwa na chumvi.

"Shikamoo, bwana afya. Nimewatoa utumbo wote. Kwetu hatumpi mgeni uchafu."

"Marahaba, binti. Na huo uchafu uko wapi?"

"Nimeutupa jalalani."

"Basi twende jalalani. Mimi nimetumwa huo uchafu."

Walikwenda wakachokoa pamoja, kila mmoja ameziba pua. Walifunga ndoa Kigonsera tarehe 11 Juni 1938, wakajaliwa watoto watatu.

Wanaume wa ukoo wetu hula pamoja kwenye sengu, chungu kimoja, na hapo ndipo mambo ya ukoo huamuliwa. Asiyekula hapo hana neno. Marehemu aliitaka nafasi yake pale kuliko mshahara wa serikali. Alisugua mikono kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya magadi mpaka ngozi ikachubuka. Hata hivyo akinyoosha mkono wenzake waliacha kula, wengine wakageuka kutema mate. Mwisho akawa anatengewa ugali wake pembeni, juu ya jani la mgomba, kama mbwa. Na waliomtenga walikuwa wanakula panya! Inatia kichefuchefu kulitamka.

Septemba 1947 panya walianza kudondoka wenyewe, wamekufa, katika ghala la mzee Eusebius. Nyumba nzima ilishangilia kwamba mboga imejileta. Marehemu alimpasua mmoja, akakuta bandama imevimba na kugeuka nyeusi. Alikimbia hadi sengu. Panya wengine walikwisha kuingia chunguni, wengine watoto walikuwa wanawachuna kwa mikono mitupu.

"Baba mdogo, waambie waache. Hii ni tauni."

"Mwanangu, wewe huli nasi," mzee alisema, "sasa hutaki na sisi tule?"

 Marehemu alipindua chungu, akamimina mafuta ya taa juu ya chakula na panya wote, akawasha moto. Kumwaga chakula cha sengu ni tusi zito kwetu. Mzee alimtemea mate miguuni mbele ya wanawe.

Majibu ya Songea yalisema ni tauni. Ghala lilichomwa, nyumba zikanyunyiziwa dawa, na hakuna mtu aliyekufa. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, ukoo ukasema alidanganya. Tangu hapo hakuitwa tena sengu, hata kwa lile jani la mgomba. "Mnanichukiza kuliko panya wenu," Domitila aliwaambia, na kuanzia siku hiyo akala na mumewe sahani moja, jambo ambalo nalo walilisema vibaya.

Januari 1954 marehemu alianza kubanwa kifua. Alibebwa kwa machela hadi hospitali ya Liuli, na waliombeba ni kaka za mkewe. Wauguzi walimtunza vizuri sana. Siku za mwisho alimwuliza mkewe, "Wameniulizia, huko sengu?" Domitila alimdanganya kwamba ndiyo, wanamwulizia kila jioni. Alifurahi. Alifariki adhuhuri ya tarehe 9 Machi 1954.

Ameacha mjane, na watoto Ignatio, Luisa na Serafina. Ameacha pia mzee Eusebius, wanawe Placidi na Urbani na wake zao, watoto waliokuwa wanachuna panya siku ile, na wajukuu waliozaliwa baadaye. Wote wako hapa, wazima. Maji ya kunawa yapo mlangoni na chakula kimeiva. Mjane anasema mtakula wote, na hakuna atakayetengewa jani.

Bwana amkaribishe Kiliani mezani pake, asimwulize habari za mikono. Apumzike sasa, ameshiba.