Mkutubi Aliyeandika Jibu Ndani ya Swali

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Uliye jikoni, punguza moto kidogo. Uliye njiani, punguza mwendo. Leo tunamkumbuka mkutubi. Narudia: mkutubi, mtunza maktaba. Na maktaba yake haikuwa ya hadithi. Ilikuwa maktaba ya tiba, ndani ya hospitali, ambako daktari akisoma visivyo mgonjwa ndiye anayeumia. Alitutoka asubuhi moja, nyumbani kwake, mumewe akiwa upande mmoja wa kitanda na mdogo wake upande wa pili. Wanaume hao wawili hadi leo hawazungumzi zaidi ya salamu. Nitawaeleza kwa nini.

Wanafunzi walimwita Mama Swali. Maktaba yake ilikuwa chumba cha chini, kilichopakana na chumba cha kufulia mashuka. Mashine zilinguruma kutwa, na ukuta wenyewe ulikuwa wa moto kama umeegemewa na ng'ombe. Siku moja daktari aliingia mbio, koti halijafungwa vifungo. "Mama, nipe kila kitu kuhusu kisukari!"

"Kila kitu hakiingii mfukoni, daktari. Kaa. Swali lako ni lipi?"

Kisha alimpa karatasi na penseli. Andika. Mgonjwa ni nani? Unataka kumfanyia nini? Badala ya nini? Ili iwe nini? Kabla hujaandika hayo manne, hugusi kompyuta. Wapo madaktari bingwa waliokasirika, wakasema wao si watoto wa shule. Lakini kipanya cha kompyuta kilikuwa mfukoni mwa Mama Swali, na hakukitoa mpaka karatasi ijae.

Intaneti ilipoingia hospitalini, wenzake wa rika lake walijikunja. Walisema mambo hayo ni ya vijana. Yeye alijitosa. Alitengeneza ukurasa wa mtandao wenye njia za kufikia makala za tiba zinazosomeka bure. Alianzisha kundi la ujumbe kwa ajili ya zahanati za mbali, nesi akikwama anauliza, jibu linarudi na makala yake. Akarekodi video za kufundisha kutafuta, simu ameiegemeza kwenye kamusi, mumewe ameshika taa. Mumewe ni fundi bomba, na ana kikohozi kisichosikia dawa. Wanafunzi waliomwona mara ya kwanza msibani walimtambua kwa kukohoa tu.

Sasa niwajulishe huyo mdogo wake, maana mengi ya leo nimeyasikia kwake. Ni tabibu. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado mdogo, na dada ndiye aliyemlea, akampigia pasi sare za shule, akamchapa, akambembeleza. Baadaye alikuwa mwanafunzi wake maktabani. Hakupendelewa hata chembe. "Darasani sina mdogo," dada alimwambia mbele ya wenzake wote.

Mama Swali alifundisha mambo mengi, wasikilizaji, lakini mawili hakuacha kuyarudia. La kwanza: usiandike jibu ndani ya swali. Ukiandika kwenye kisanduku cha kutafutia "faida za dawa hii", utaletewa faida. Madhara hukuyaalika, hayaji. Alipenda kusema, "Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza huku umeshajijibu." La pili lilikuwa methali ya wahenga yenye mkia wake mwenyewe: mganga hajigangi, na mkutubi hajitafutii. Mgonjwa akiwa wako, mpe mwingine akutafutie, kwa sababu macho ya mapenzi huruka mistari.

Kisha akaugua yeye.

Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshatambaa. Narudia, ilikuwa imeshatambaa. Daktari wake alimweleza njia mbili. Abaki nyumbani, atulizwe maumivu. Au aende hospitali ya mbali, apewe dawa kali, alazwe huko muda mrefu. Mama Swali alisema atafikiri. Siku chache baadaye alimwita mdogo wake. Alipofika, tabibu alikuta mkoba wa safari umeshapangwa, uko kwenye kiti cha sebuleni, na shemeji yake yuko uani anaimba. Anaimba! Mtu ambaye hakuwa amemsikia akiimba tangu harusi yake.

"Njoo uone, mdogo wangu," dada alisema. Alikuwa amekalia kitanda, kompyuta mpakato mapajani, miwani puani, uso umechangamka. "Wapo. Watu waliopewa dawa hii wapo, na wanaishi. Soma hii. Na hii."

Tabibu aliinama kusoma. Na juu kabisa ya makala hizo, kwenye kisanduku cha kutafutia, aliona maneno aliyoyaandika dada yake. Jina la ugonjwa. Jina la dawa. Na neno la tatu: waliopona.

Aliniambia hivi, na nanukuu: "Kosa lile hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza alikuwa halirudii. Na lilikuwa mbele yangu, limeandikwa na dada."

Alisingizia kiu, akatoka uani. Fundi alikuwa anafunga koki ya bomba. Alimtazama shemeji yake usoni, na wimbo ukakatika.

"Vipi? Makala zinasemaje?"

"Ametafuta vibaya, shemeji. Ametafuta waliopona tu. Wale wengine hawaonekani."

Fundi aliweka spana chini. "Usimwambie."

"Shemeji, ile dawa—"

"Nimesema usimwambie. Tangu jana anakula. Anacheka. Nakuomba, niachie mke wangu na tumaini lake. Hilo tu."

Tabibu alirudi ndani bila maji. Anaapa kwamba alikuwa ameamua kunyamaza. Alikuwa ameshatunga hata maneno ya kumtakia safari njema. Lakini mtu aliyekulea humdanganyi kirahisi.

"Mbona umenyamaza?" dada aliuliza. "Kuna kosa?"

Alikaa pembeni ya kitanda, akalia kwanza, ndipo akasema. "Dada, umeandika jibu."

Mama Swali alitazama kisanduku kile. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, kana kwamba neno lile lingeondoka.

"Nimeandika," alisema. "Mfa maji haachi kutapatapa, mdogo wangu. Haya. Lifute. Na utafute wewe."

Tabibu alifuta neno moja tu. Makala nyingine zikaja, nyingi, na zilisema mambo mengine. Zilisema kwamba kwa wagonjwa walio katika hali kama yake, dawa ile iliongeza muda kidogo, na muda wenyewe wengi waliumalizia wodini, wakitapika, mbali na watu wao. Dada alizisoma mwenyewe hadi mwisho. Tabibu aliniambia, "Maisha yangu yote dada amenikosoa. Nilikaa pale nikiomba anikosoe. Aseme nimetafuta vibaya. Hakusema."

Alifunga kompyuta, akaomba nguo zitolewe kwenye mkoba. Fundi ndiye aliyezitoa, moja moja, na kuzirudisha kabatini. Hakumtazama shemeji yake. Jioni hiyo hakumkaribisha chakula.

Mama Swali hakukubali kulala tu. Darasa lake lilikuwa halijaisha. Alifundisha kwa video, kitandani, mito miwili mgongoni, wanafunzi wakidhani ana homa tu. Katika somo la mwisho aliwaonyesha kioo cha kompyuta yake. Aliwaonyesha utafutaji wenye neno "waliopona" na utafutaji usio na neno hilo. Darasa likacheka. Walicheka kweli, wasikilizaji, kama vijana wanavyomcheka mtu aliyevaa shati ndani nje.

"Mwalimu, huyu aliyetafuta hivi alisomea wapi?" mmoja alitania.

"Alisomea pazuri tu," alijibu, naye akacheka nao. "Na ana uzoefu kuwashinda nyote. Ndiyo maana nawaonyesha. Siku ikifika zamu yako, elimu yako haitakuzuia. Uwe na mtu wa kukwambia, na umsikilize."

Tabibu alikuwa chini ya dirisha, nje ya kamera, ameziba mdomo kwa kiganja. Fundi alikuwa mlangoni. Wote wawili walisikia kicheko kile.

Kisha msichana mmoja, ambaye hakuwa amecheka, akauliza taratibu, "Mwalimu, na mgonjwa mwenyewe sasa anaendeleaje?"

"Anaendelea kufundisha," Mama Swali alisema.

Wengine walizima kamera zao ili wasionekane wakilia. Fundi alitoka uani, na tabibu alimsikia akikohoa huko, kikohozi kisichokuwa kikohozi.

Aliishi wiki chache baada ya hapo. Aliziishi nyumbani, dirisha wazi, akilalamikia chumvi kwenye mchuzi na kumkosoa nesi aliyemtembelea. Alikufa akiwa amelala. Maumivu yalikuwa yametulizwa. Narudia, yalikuwa yametulizwa.

Kwa familia ya marehemu, kwa wauguzi wa zahanati zile za mbali, kwa wanafunzi wake wote, poleni. Poleni sana. Najua pole haijazi kitu. Nanyi wasikilizaji mlio na mgonjwa nyumbani, msimkisie. Muulizeni anataka kujua nini, mumsikilize mpaka amalize.

Nina neno moja la mwisho, na si la kila mtu. Nilizungumza na fundi, peke yake. Nilizungumza na tabibu, peke yake. Fundi aliniambia, "Nilimkasirikia, na bado. Lakini zile wiki nilizokaa naye, ningezipata wapi huko mbali?" Hayo hajamwambia shemeji yake. Tabibu aliniambia kwamba kila jioni, akitoka kazini, hufika hadi kwenye lango la nyumba ile, husimama kidogo, kisha huenda zake, kwa sababu hajui atapokelewaje. Hayo pia hajayasema kwa mtu.

Saa hizi kazi zimeshafungwa. Fundi, najua redio yako imewashwa. Nenda langoni.