Gari ya Mkadam na Kona ya Kitogani

Pembe ya Mkunazini, pale gari zinapokomea na vichochoro vikaanza, palikuwa na baraza ya saruji ambayo wenyewe waliipa jina la Gereji, ingawa kati ya wote waliokaa pale hakuna aliyewahi kushika spana ila kwa kumpokeza mwenzake. Kila baada ya alasiri Mkubwa, muuza kahawa, aliteremsha hapo dele lake, birika la kahawa, na baraza ikajaa. Alikuwapo Jaku fundi cherehani, aliyeitwa Kipimo kwa sababu kila kitu duniani kwake ni kipana mno au kifupi mno. Alikuwapo Mmanga, aliyekuwa mtia makaa melini zama zake, jina la barazani Dira. Alikuwapo Hasan Redio, na redio yake ya kweli iko pajani. Na siku ile, mwaka wa sitini na tisa, alikuwapo pia Mkadam, karani wa posta, mwenye ile gari kuukuu nyekundu ya wazi, ya watu wawili. Lakini Mkadam alikuwapo kiwiliwili tu. Roho yake ilikuwa Makunduchi.

Huko Makunduchi ndiko alikokuwa mkewe, Mwanakheir, aliyekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza kama ilivyo ada. Mtoto kazaliwa salama, dume, kapewa jina la Machano. Arubaini imetoka. Basi si warudi? Ah, wapi! Mama mkwe, Bi Mwanapili, aliwahi kupanda gari ile mara moja tu, na kwenye kona ya Kitogani gari ikainama ubavu mmoja, kikapu chake kikaruka nje, naye akatoa shahada kwa sauti. Aliteremka palepale akangoja basi. Sasa kashikilia: mjukuu wake hapandi kitu kile mpaka apande yeye kwanza, na dereva asiwe Mkadam. Mkadam naye, mbele ya ukoo mzima wa mkewe, alikuwa kashaapa kuwa mwanawe ataingia mjini kwa gari ya babake au hataingia. Kiapo kile kilimtoka kwa mori. Tangu hapo kila usiku akilala peke yake anakijutia.

Ndipo alipoitwa Usi, fundi wa kweli, akalala chini ya gari wiki nzima. Zile bushi, vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio ya vyuma, alizikuta zimeoza, zinamong'onyoka kama muhogo mbovu. Za dukani hazikuwapo, akachonga nyengine kwa mpira mgumu wa gatini, ule wa kuzuilia meli isijigonge. Kisha akang'oa kile chuma chembamba kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili gari isiiname kwenye kona, akatia kinene, alichokipinda mwenyewe motoni. Chuma hicho kina jina lake la kifundi. Gereji wakakiita mkongojo, na jina likashika. Asubuhi ile Usi alikuwa ameiendesha gari peke yake kwenda kumpandisha Bi Mwanapili. Akiridhika, mke na mtoto wanakuja leo. Asiporidhika, kiti kinarudi kitupu, na Mkadam anarudi kulala na kiapo chake.

— Kunywa kahawa, we bwana, Jaku alisema. Kikombe kishapoa mkononi.

— Nnakunywa.

— Hunywi, unakitazama. Mimi nshakwambia tangu mwanzo, gari haina kosa. Kosa la barabara. Ile barabara ya Makunduchi imekatwa vibaya, bega moja juu, bega moja chini. Ungenipa mimi futi yangu siku moja tu, ningekuonesha.

— Futi ya kupimia suruali? Mmanga alimuuliza.

— Futi ni futi!

— Hebu nyamaza wewe. Gari inainama kwa sababu ya joto. Mimi nimefika kwao inakotengenezwa, nimeikanyaga theluji kwa mguu huu. Kule mpira unaganda, unakuwa kama pembe. Huku kwetu mpira unatoka jasho. Kitu kinachotoka jasho kitakuwa na nguvu ya kushika chuma?

— Sasa Usi katia mpira wa gatini, Mkadam alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe neno jema. Ule umezoea joto.

— Umezoea meli, Mmanga akamjibu. Meli haina kona.

Mkadam alikiweka kikombe chini. Alikuwa na umri wa kuwa na akili, na kazi ya serikali, na bado maneno ya mtia makaa yalimtingisha kama mtoto.

— Msimtishe mwenzenu, Hasan Redio aliingilia, akipunguza sauti ya redio kidogo tu. Sikilizeni habari za walimwengu. Juzi hawa Wamarekani wameshuka mwezini, wametembea, wamepanda chombo chao wamerudi. Chombo kile kina mkongojo? Hakina! Kina bushi? Hakina! Na kimerudi salama.

— Mwezini kuna kona? Jaku aliuliza.

— Kuna kona moja kubwa, ndo hiyo ya kugeukia kurudi.

Baraza ilicheka, hata Mkubwa, ambaye kwa kawaida hacheki akiwa na dele mkononi asije akamwaga. Mkadam hakucheka. Alikuwa akitega sikio upande wa barabara kubwa, na kila gari iliyopiga honi ilimnyanyua nusu ya makalio kisha ikamkalisha.

— Na jengine hamlijui, Mmanga aliendelea, keshanogewa. Chuma chochote kina dira yake. Kinavutwa kaskazini. Sasa Makunduchi iko wapi? Kusini. Ndiyo maana gari ilisumbua ikenda kule, ilikuwa inakataa. Kurudi mjini ni kaskazini. Itakuja yenyewe, Usi hata usukani hana haja ya kuushika.

— Alaa! Kwa hiyo baiskeli yangu nikipanda kwenda Bububu, huko kaskazini, nisitie miguu? Jaku aliuliza.

— Baiskeli chuma chake kidogo.

— La haula! Watu wazima nyinyi.

Sauti hiyo ya mwisho ilitoka juu. Dirisha la ghorofani lilikuwa wazi, na Bi Shemsa, jirani aliyehamia mwezi ule, alikuwa ameegemea kizingiti, ncha ya kanga kichwani. Kwa siku zote alizokaa pale alikuwa hajawasemesha. Wote walisalimia kwa pamoja, shikamoo Bi Shemsa, naye akaitikia marahaba kwa mkato.

— Hii gari inayopigiwa kelele kila siku, alisema, si ndiyo ile niliyoiona Ijumaa, mmeipanda nyote?

— Ndiyo hiyo, Bi Shemsa, Jaku alijibu kwa fahari. Tulikuwa tunaijaribu. Usi usukanini, Mkadam pembeni yake, mimi na Mmanga tumekaa nyuma juu ya buti, Hasan kapakatwa na Mkadam, redio yake mkononi. Tukaipeleka mpaka Mpendae na kurudi, kona zote mbio. Haikuyumba hata unywele! Imekaa chini kama gunia la chumvi.

— Basi ni nani aliyeijaribu ikiwa na watu wawili tu?

Jaku alimtazama Mmanga. Mmanga alimtazama Hasan, Hasan akaitazama redio, kama kwamba jawabu lingesomwa katika taarifa ya habari. Ada ya Gereji ni hiyo: gari ikitoka, hakuna anayebaki, na hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba unene wao wote ndio ulioikandamiza isiyumbe. Na Bi Mwanapili alikuwa kikongwe mwembamba, kanga mbili na tasbihi.

Mkadam alisimama.

— Nipe baiskeli yako, Jaku.

— Uende wapi?

— Kitogani.

— Utafika Kitogani kesho, bwana! Kaa chini.

— Sikai! Nimemtia mama wa watu kwenye gari ambayo haijajaribiwa. Nimeapa kiapo cha kijinga kwa sababu ya bati jekundu, na mwanangu nimemuona mara mbili tu, na mara zote mbili nilikwenda kwa basi. Basi! Mimi mwenyewe nilipanda basi, na basi lile lingewaleta wote tangu mwezi uliopita. Nina wazimu gani mimi?

Jaku aliinuka polepole akaenda kuitoa baiskeli ukutani, na alipokuwa anaigeuza, ndipo ikasikika injini. Haikuvuma wala haikupiga honi. Ilikuja taratibu kutoka upande wa barabara kubwa, ikajitokeza pembeni, nyekundu, imejaa vumbi mpaka kwenye kioo. Usi alikuwa usukanini. Na pembeni yake hakuwapo Bi Mwanapili, wala kiti hakikuwa kitupu. Alikaa Mwanakheir, buibui limefunikwa vumbi, na kifuani pake kitu kidogo kimefungwa kanga.

Gereji nzima ilipandisha pumzi ya kushangilia. Usi akawahi kuweka kidole mdomoni.

— Kalala, alinong'ona. Tangu Jozani. Atakayemuamsha nitamrudisha Makunduchi kwa miguu.

— Na mama? Mkadam aliuliza, naye kwa kunong'ona. Mama yuko wapi? Mzima?

— Yule mama yule! Kanipeleka Kitogani asubuhi, kanipitisha kona ile, akasema tena, ikapita, akasema tena kwa mbio. Mimi roho juu, nnajua hatujawahi kuikatisha kona mbio ikiwa nyepesi. Gari ikashika barabara, wallahi, kama imefungwa kamba. Tukarudi kwake, kateremka, kajikung'uta vumbi, akamwambia bintiye, haya, funga mzigo, mumeo kashajifunza.

Mkadam alisema alhamdulillahi. Alisogea mpaka kwenye mlango wa gari. Ndani ya kanga kulikuwa na uso mdogo umekunjamana, mdomo wazi, usingizi mzito wa mtu asiye na deni na yeyote. Kona zote zile, mashimo yote yale, na hakuna kilichomgusa. Machozi yalimtoka Mkadam waziwazi, wala hakuyafuta. Jaku alikuwa kaegemea baiskeli, kainamisha kichwa. Mmanga alijitia kusafisha jicho kwa ncha ya kikoi. Hasan Redio alizima redio, jambo ambalo Mkunazini hawakuwahi kuliona, na Mkubwa alisimama na dele lake limeinama, kahawa yote iliyobaki ikimwagika taratibu kwenye saruji bila ya yeye kujua.

Mwanakheir aliinua ushungi kidogo. Alimtazama mumewe, akawatazama wanaume wale mmoja mmoja, wote kimya, wote macho mekundu, na uso wake ukaanza kuingia hofu.

— Kwani hapa kafa nani?