Marcella Chepkurui na Kitanda Alichokichagua Mwenyewe

Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Noah, kitinda mimba wa marehemu, alikuwa akichuma chai, kapu likiwa mgongoni, simu ilipolia. Alikuwa Phelis Nyabate, mhudumu wa Makao ya Betheli kule Kericho, mahali Mama alipoishi miaka yake ya mwisho.

"Baba Chepchumba," Phelis alisema, "Kogo amepumzika. Bado niko naye. Sitatoka hapa mpaka ufike."

Kogo ni nyanya kwa lugha yetu ya Kikipsigis. Noah alitua kapu, akampigia kwanza Mzee Kiptum, kaka mkubwa wa marehemu Baba, kama inavyotakiwa. Mzee alijibu, "Nimesikia," akakata simu.

Noah ndiye anayewasomea wasifu huu. Familia imeamua kusema yote leo mbele ya Mungu na majirani, kwa sababu kwa zaidi ya miaka mitatu watu wamesema hapa kijijini kwamba Mama alitupwa na watoto wake. Hakutupwa. Tunaomba msikilize.

Marcella Chepkurui alizaliwa mwaka wa 1947 karibu na Sigor, Chepalungu. Tarehe haikuandikwa, mamake alikumbuka tu kwamba wimbi lilikuwa linakaribia kuvunwa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Alisoma Biblia kwa sauti hata akiwa peke yake, na ukimuuliza kwa nini anapaza sauti, alikwambia, "Mungu si kiziwi, ni mimi ninayesahau."

Mwaka wa 1966 aliolewa na Alexander arap Mosonik wa hapa Kapkoros, Bomet, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani tarehe 18 Desemba 1971. Mungu aliwajalia wana watatu: Reuben, Gideon na Noah. Hawakupata binti. Baba alitutoka mwaka wa 2009.

Kwa zaidi ya miaka arobaini Mama alichuma chai yake mwenyewe na kukama ng'ombe wake. Alitaka majani mawili na chipukizi, basi. Ukileta majani makubwa, alimwaga kapu lako lote chini mbele ya watu na kuuliza, "Hii ni chai ama ni ya ng'ombe?" Kuna wazee na wamama hapa leo waliowahi kumwagiwa, na wanajijua.

Tarehe 11 Mei 2021, akiwa anakama, alipatwa na kiharusi. Alilazwa wiki tano. Aliporudi, upande wa kulia haukufanya kazi tena, ila ulimi ulibaki mzima. Reuben yuko Narok kwa kazi ya ngano na Gideon yuko Nakuru. Mke wa Noah anafundisha Mulot na hurudi Ijumaa. Kwa hivyo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa aliyemwosha Mama na kumbadilisha alikuwa Noah.

Ninyi mnajua desturi yetu. Mwana haoni uchi wa mama yake. Noah hakuwa na njia nyingine, kwa hivyo alifunga macho na kufanya kazi kwa kupapasa. Aliendelea hivyo miezi minane. Asubuhi moja ya Februari 2022 alikanyaga beseni, akateleza, akaanguka na Mama wakiwa wamelowa wote wawili. Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Noah, mimi nilikuzaa nikiwa macho wazi. Wewe unaniosha kama mwizi gizani. Siku moja utanivunja, na utalia maisha yako yote. Nipeleke Betheli."

Alipajua. Mwaka wa 2018 alikuwa amefika huko na wamama wa kanisa kupeleka maziwa mabichi na mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Makao hayo yako ndani ya uwanja wa chuo cha uuguzi. Upande mmoja ni madarasa, upande wa pili ni vyumba vya wazee na wagonjwa wa muda mrefu, na wanafunzi wa uuguzi hujifunza huko kuosha mtu, kumlisha na kumgeuza ili ngozi isipate vidonda. Noah alikataa. Mama akakataa kula siku mbili. Jumatatu, tarehe 14 Machi 2022, akaingia Betheli.

Januari 2023 Mzee Kiptum alienda huko na wazee wawili na pikapu iliyotandikwa godoro.

"Marcella, toka hapa," alisema. "Ukoo wetu hautupi watu."

"Nitatoka, shemeji," Mama alimjibu. "Lakini nimelalia ubavu huu tangu asubuhi. Nigeuze kwanza."

Mzee alimwangalia mwenzake. Mwenzake aliangalia kofia yake. Hapo akaingia Phelis, wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa wafanyakazi wa chai.

"Kogo, tuhesabu?"

"Hesabu, mama."

Moja, mbili, tatu, Mama akawa ameangalia dirisha, shuka imenyooka, hakuna kilichoonekana.

"Huyu ni mtoto wa nani?" Mzee akauliza.

"Ni wangu," Mama alisema, "kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa. Sasa wewe shemeji, ni wangu saa ngapi?"

Wazee wale wawili walicheka. Mzee Kiptum hakucheka. Alisema, "Ukifia hapa, usinitafute kwa mazishi." Hakurudi Betheli tena Mama akiwa hai. Tumemwomba ruhusa kabla ya kusoma maneno haya, naye amesema yasomwe.

Yule aliyeachia darasa la nne alipata darasa lingine. Mwalimu Janeffer Mochama, mkufunzi wa chuo, alishika karatasi ya alama, lakini wanafunzi walikuwa wakiangalia uso wa Kogo. "Mkono wako ni baridi, toka nje uupashe." "Usinilishe kama unajaza gunia." "Umenigeuza vizuri, lakini hujanisalimia. Anza tena." Zaidi ya wanafunzi mia mbili walipitia kitandani pake. Miaka mitatu na miezi saba alilala, na hakupata kidonda hata kimoja.

Septemba mwaka huu mapafu yaliugua. Daktari alimtibu, akapata nafuu, kisha akazidiwa tena. Alipoulizwa kuhusu hospitali kubwa, aliwaita wana wake wote watatu akawaambia, "Hapa nilikuja kwa mdomo wangu. Msinihamishe." Tulitii, ingawa ilikuwa ngumu. Alikata roho Alhamisi saa mbili kasoro asubuhi, Phelis akiwa amemshika mkono.

Ameacha wana watatu na wake zao, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wanne, dada yake Chepchirchir wa Sigor, shemeji yake Mzee Kiptum, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote.

Noah alifika Betheli saa tano. Mwalimu Janeffer na Phelis walikuwa wamemwosha Mama na kumvika gauni lake la kanisa. Wanafunzi walisimama pande zote mbili za ujia, na wazee waliosukumwa kwa viti vya magurudumu walikuwa mlangoni. Saa sita Mzee Kiptum akaingia, peke yake. Alisimama kando ya kitanda. Kisha akamuuliza Phelis, "Aliomba nini mwisho?"

"Chai, Mzee."

"Akanywa?"

"Vijiko vitatu."

"Nani alimnywesha?"

"Ni mimi."

Mzee alivua kofia, akaomba kwa Kikipsigis, akampa Phelis mkono wake wa kulia. Machela ilipotoka, alitembea nyuma yake hadi kwenye gari. Hapo ndipo alipomwambia Noah, "Kaburi liwe kando ya Alexander. Mimi ndiye nitaonyesha mahali." Alionyesha, na ndipo tuliposimama sasa.

Mama apumzike kwa amani ya Mungu. Hakuna atakayemhamisha tena.