Timu ya Kumi na Saba

Benchi lile lilitosha watu wanne wakipendana, au watatu wakibishana, na asubuhi hiyo walikuwa watatu. Upande mmoja palikuwa na kibanda cha fundi funguo, upande wa pili kinyozi, na mbele yao muuza kahawa na birika lake. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Funguo, alikuwa na sifa moja: kila ufunguo aliouchonga aliukumbuka kwa namba yake. Ukipita tu, anakuamkia, "Wewe wa mia mbili na nne, kitasa kinaendeleaje?" Lakini siku hiyo hakuwa na habari na vitasa. Binti yake alicheza mpira wa kikapu chuoni, na chuo chao kilikuwa kimemaliza ligi kikiwa cha kumi na saba. Mashindano ya ubingwa yalichukua vyuo kumi na sita. Mchana huo kamati ingepiga kura kama viongezwe, vifike ishirini na vinne, na mjumbe mmoja wa kamati hiyo, refa mstaafu waliyemwita Filimbi, alikuwa ameketi katikati ya benchi akipuliza kahawa yake taratibu.

— Inua mkono tu, Filimbi, — alisema Funguo. — Mkono mmoja. Una uzito gani?

— Nimeuinua miaka thelathini, ndugu yangu. Uzito wake naujua.

— Usimsikilize huyo, — kinyozi alidakia. — Vyuo ishirini na vinne si ubingwa tena, ni mkutano wa hadhara. Mimi ningepunguza. Vinane vinatosha kabisa.

— Vinane! Na cha tisa je?

— Kilie, kinyamaze. Kelele zikizidi, tubaki na viwili.

— Si bora umpelekee bingwa wa mwaka jana kikombe nyumbani kwake?

— Hilo nimeliwaza, — kinyozi alisema bila kucheka. — Lingetuokolea muda.

Wenzake walikuwa wanapiga soga, lakini Funguo alikuwa na lake rohoni. Mwaka wa pili huu binti alikuwa amerudi nyumbani, akafua viatu vyake vya michezo, akavianika dirishani, asiseme neno. Naye Funguo hakumuuliza, maana hakujua aanzie wapi. Hesabu, hiyo aliijua. Nafasi moja tu ingeongezwa, mtoto wake angekuwa ndani.

— Ishirini na vinne ni vichache, — alisema, sauti ikipanda. — Thelathini na viwili! Sitini na vinne! Kila chenye geti na kengele kiingie. Hata chuo cha ususi!

— Chuo cha ususi nimesoma mimi, — alisema kinyozi. — Tulikuwa wanne.

— Mngecheza wanne hivyo hivyo!

— Mimi naona hivi, — alisema muuza kahawa, akimwongezea Filimbi kikombe. — Waingie wote siku moja, uwanja mmoja, kila timu na mpira wake. Jioni tunahesabu waliobaki wamesimama.

Filimbi alicheka, kisha akajishika goti.

— Kila mechi mnayoongeza ina goti la refa ndani yake, hilo hamlipigii kura. Halafu, Funguo, nikivichukua ishirini na vinne, cha ishirini na tano nacho kina binti wa mtu.



— Samahani, — alisema mama mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na kufuli lake, akingoja ahudumiwe. — Jumamosi chuo cha binti yako kinacheza na cha mwanangu, mechi ya kirafiki. Mimi nitakuwepo. Binti yako anavaa namba ngapi, nimshangilie?

Funguo alifungua mdomo. Mia mbili na nne ilimjia kichwani. Kumi na saba ilikuja, na sitini na nne pia. Hiyo moja aliyoulizwa haikuja. Alimgeukia Filimbi, lakini Filimbi alistaafu kabla binti hajaanza kucheza. Kinyozi alikuwa anaukagua mkasi wake. Funguo aliona aibu, aibu ya kweli. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na hata mara moja hajawahi kufunga kibanda akaenda kumtazama.

Akatoa simu.

— Baba? — sauti ya binti ilikuwa na wasiwasi. — Kuna msiba?

— Hakuna msiba, mama. Nauliza tu. Mgongoni unavaa namba ngapi?



— Tisa. Kwa nini?

— Nataka Jumamosi nijue wa kumtazama.



— Tunaanza saa nane, — binti alisema. — Uje na kofia, baba. Kule hakuna kivuli.

Funguo alirudisha simu mfukoni.

— Tisa, — aliwaambia.

Namba hiyo hakuna aliyeibishia. Filimbi aliponyanyuka kwenda kwenye kikao, Funguo hakumkumbusha habari ya mkono. Alikuwa ameinamia kufuli la yule mama, akimuuliza kwa sauti ya chini uwanja wenyewe uko upande gani.