Mujinga ni Nani?

Asubuhi ile, mbele ya boma la tajiri wa pembe na watumwa pale Kasongo, watu waliozoea kukaa kwenye gogo wakinywa kahawa hawakutulia. Bunduki zilikuwa zimesikika upande wa Kabambare. Tena kulikuwa na kesi: Faida, mwanamke aliyeletwa na msafara juzijuzi, alifungua kibanda cha mateka; wakatoroka wote, yeye akakamatwa. Nyampara, msimamizi wa watumwa, alitaka achapwe mpaka azimie. Alimasi, mlinzi, ndiye pekee aliyeshuhudia, naye alisubiri kuitwa aseme kama mwanamke yule alifanya kwa ujanja au kwa ujinga. Mujinga husamehewa.

— Mujinga si mutu mubaya, alisema Faradji, waliyemwita Baruti. Ni mugeni tu, hajazoea.

— Wapi! alidakia Hemedi, ambaye kwa majisifu ya safari zake aliitwa Bahari. Mujinga ni yule hajaona maji ya chumvi.

— Basi Kasongo yote iko wajinga, Baruti akauliza, isipokuwa wewe?

— Ndiyo. Hata nyampara.

— Sema polepole! Mimi nasema ujinga iko ndani ya damu. Ukila muchele wetu, damu inageuka. Mbu akimuuma mujinga, anatema!

— Mbu anajua?

— Kuliko tajiri!

Wakacheka. Alimasi hakucheka. Alikuwa amemwona Faida akitazama huku na huku, akilegeza kamba ya mlango taratibu, akiwanong'oneza mateka kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Yule alijua alichokifanya. Kwa nini yeye, mlinzi, hakupiga kelele, hata mwenyewe hakuelewa.

Mara askari akatokea na Faida, mikono imefungwa. Akamwashiria Alimasi awafuate. Faida akasimama.

— Baba, akamwambia Baruti, neno hili mujinga, nawe walikuita?

— Sisi wote, Baruti akajibu. Tulipofika.

— Na mbele ya kufika, walikuita nani?

Baruti akainamia kikombe. Alimasi akafungua kinywa ataje jina lake la kwao. Aliuona mkono wa mama yake ukimwita, aliuona moshi wa jikoni, lakini jina alilomwita halikuja.

Akaacha kahawa yake, akawafuata ndani ya boma mpaka kwa tajiri.

— Alifungua kwa nini? tajiri akauliza.

— Ni mujinga, bwana. Hajui kitu.

Nyampara akasonya, akatupa kiboko chini. Faida akafunguliwa kamba. Akasugua mikono, akatoka.

Akirudi peke yake, Alimasi alijinong'oneza majina ya kwao, moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lililomfanya ageuke kama mtu aliyeitwa.