Bwana Mwinyimvua Pazi na Mkanda wa Vita Uliorudishwa Kerege

Tarehe 30 Juni, 1956, Bwana Mwinyimvua Pazi atakabidhi kipaza sauti cha gari la sinema, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane. Mimi, Ramadhan Ausi, nimekuwa dereva wake kwa miaka kumi ya mwisho, ndiyo maana nimeombwa niandike maneno haya. Nilikubali upesi, kabla hajajitolea kuyaandika mwenyewe.

Aliajiriwa Bagamoyo mwaka 1928 kuwa tarishi, akapewa baiskeli isiyo na breki. Gari la sinema lilipokuja mwaka 1946, alitafutwa mtu wa kuwaeleza watu wanachokiona, kwa kuwa filamu zilisema Kiingereza. Hakukuwa na haja ya kutafuta mbali. Mji mzima ulikuwa unaijua sauti ya Bwana Pazi, maana ndiyo iliyokuwa breki yake.

Watu wa Makurunge bado wanaikumbuka filamu ya mpira. Hakujua jina la mchezaji hata mmoja, akawapa wote majina ya wenyeji. Mzee Mwinyijuma, aliyewekwa golini, alifungwa mabao manne, akamnunia Bwana Pazi mwezi mzima.

Lakini siku ninayotaka kuieleza ni ile ya Kerege, mwaka 1947. Tulipeleka filamu ya askari wa Keya, jeshi la Waingereza, waliopigana Burma. Nakala ilikuwa moja tu, na amri ilikuwa ionyeshwe mara moja, isirudishwe nyuma, isije ikakatika. Bwana Pazi alikuwa na karatasi ya ofisi, yenye maneno ya ushindi ya kusoma.

Katikati ya filamu askari mmoja alipita akicheka, sahani mkononi. Bi Mwanabaraka binti Mgeni akainuka. Mwanawe Majaliwa alifia Burma, naye alikuwa amepata barua tu, kaburi hakuliona.

“Huyo mwanangu!” alisema. “Tazameni kofia, haikai sawa hata siku moja. Baba, nirudishie.”

Bwana Pazi alinitazama, nami nikatazama chini. “Kaa kitako, mama,” akamwambia. “Utamwona.”

Akamrudisha. Majaliwa akapita tena akicheka. Akamrudisha mara ya pili, kisha karatasi ya ofisi akaitia mfukoni, akauliza ni nani mwingine ambaye mtu wake hakurudi. Wakainuka mmoja mmoja kutaja majina. Bi Sada alimtaja kaka yake Mwishehe, aliyekuwa akikimbia hata beberu la jirani, akauliza ni nani aliyempa bunduki mtu yule. Watu walicheka, naye akacheka huku akijifuta macho. Mwalimu wa chuo cha Kurani akawaombea wote, tukaitikia amina.

Mara ya tatu mkanda ulikatika, papo hapo penye Majaliwa. Ili kuunganisha, ilibidi kipande cha urefu wa kidole kitolewe. Bwana Pazi alikifunga katika leso yake safi, akampa Bi Mwanabaraka kwa mikono miwili.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wetu, akamweleza yote bila kuficha. Alipewa barua ya onyo, akaondolewa garini na kuwekwa ghalani ahesabu makopo ya rangi. Alikuwa na watoto watano, na nyumbani kwake walilala na wasiwasi. Nilimuuliza kama anajuta. Alijibu, “Najuta sikumpa na kipande cha pale Majaliwa alipogeuka.”

Aliyeshika nafasi yake aliisoma karatasi neno kwa neno. Huko Mapinga watu waliinuka wakaenda zao kabla ya vita kwisha, wakaniacha mimi na mbuzi wawili. Baada ya miezi miwili Bwana Pazi aliitwa arudi. Tangu hapo, kila tulipoonyesha filamu ya vita, majina ya waliofia huko yalitajwa kwanza. Hakuna aliyetupa ruhusa, wala hakuna aliyetukataza.

Sasa anahamia Kerege kulima mihogo. Ameahidi kwamba sinema ikifika huko atakaa kimya kama watu wengine. Mkewe, Bi Tabia, ametuomba tusimwamini.

Bwana Pazi, tunakushukuru kwa sauti yako na kwa moyo wako. Mungu akupe afya na mavuno mema. Mkeka wa mbele ni wako, na tukikosea jina la mtu, inuka utusahihishe.